Aliyejitoa Mwenyewe

Julian Pickersgill aliugusa mpira ule.

Hester Metcalfe aliusikia kwa masikio yake mawili, kutoka kwenye meza ya chai alikokuwa akipaka siagi mikate, na meza ile ilikuwa hatua sitini kutoka kwenye vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji wa kriketi. Gongo lilisema "tik". Mpira ukakengeuka kidogo, mlinda vijiti wa Nunsett akaudaka, na timu nzima ya Nunsett ikainua mikono kumdai mwamuzi haki yao.

Mwamuzi alikuwa Piers, mdogo wake Julian. Ndiyo kriketi ya vijijini ilivyo: timu inayopiga hutoa mtu wake mwenyewe, akavaa koti jeupe, akasimama pale kuamua. Akiinua kidole, mpigaji ametoka. Akitikisa kichwa, anaendelea. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na Piers aliivuta bila hata kutoka jasho. Alitazama viatu vyake, akatikisa kichwa.

Lakini liko jambo moja ambalo kila mtoto wa bonde lile hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mpigaji akijua moyoni kwamba ameugusa mpira na umedakwa, hamngojei mwamuzi. Hubana gongo kwapani, akaenda zake. Asiyekwenda hajavunja sheria yoyote, atadharauliwa tu. Julian hakwenda. Aliinua uso akayatazama mawingu kwa utulivu, kama mkulima anayewaza mavuno yake, na mtu mwenyewe alikuwa dalali wa nyumba ambaye hajapanda hata kitunguu.

"Ameugusa," alisema Hester.

"Mwamuzi amesema hajaugusa," alijibu mama yake.

"Mwamuzi ni Piers, mama. Piers akiulizwa kama mvua inanyesha, humtazama Julian kwanza."

"Kata matango yawe membamba. Na zile sandwichi za jana ziweke meza ya Nunsett. Watu wale hawajui tofauti."

Maureen Metcalfe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chai ya Kelderby kwa miaka kumi na tisa. Vijiji viwili vile viligawanywa na mto ambao mbuzi angeuruka, lakini ukimsikiliza Bi Maureen ungedhani Nunsett iko ng'ambo ya dunia na watu wake wanakula nyasi. Hakuwahi kumtukana mtu hata siku moja. Alikuwa akitabasamu tu, na ukitoka pale ulijiona umepungua kimo.

Hester aliigeuza pete kidoleni. Kesho ilikuwa Jumapili, na Mchungaji Lionel angesimama mbele ya kanisa na kutangaza kwa mara ya kwanza kwamba Julian Pickersgill na Hester Metcalfe wanakusudia kuoana, mwenye pingamizi aseme. Jumapili tatu mfululizo, kisha harusi. Na jina likishasomwa mara moja katika kanisa la Kelderby, kulirudisha ni kazi. Watu wangelitafuna hadi Krismasi. Aliyekuwa na la kusema ilimbidi aseme leo.

Alikuwa na la kusema? Alipomkubali Julian wakati wa baridi, alimkubali kwa hasira zaidi kuliko mapenzi. Na aliyemtia hasira zile alikuwa amesimama pale ukingoni mwa uwanja upande wa Nunsett, mrefu, kofia imemfika machoni. Amos Raistrick. Fundi wa kuta za mawe, zile zinazopandana bila saruji na kugawa malisho ya kondoo. Miaka miwili iliyopita aliondoka kwenda Scotland bila kumwambia Hester kwaheri, baada ya kumwambia mambo mengine mengi sana. Amerudi wiki hii, na Hester hakuwa amemtazama zaidi ya mara arobaini.

Kelderby walimaliza na mbio, ndizo alama za kriketi, mia na arobaini na nane, sitini na moja zikiwa za Julian. Alipoliacha lile gongo ndipo mvua ilipoanguka, ya Agosti, ya ubavu, isiyo na adabu. Watu wote wakakimbilia banda la klabu, na chai ikaandaliwa kabla ya saa yake.

Amos alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alifika mbele ya birika na kikombe mkononi, maji yakimtiririka shingoni.

"Hester."

"Maziwa?"

"Unajua sinywi na maziwa."

"Nilikuwa najua mambo mengi. Mengi yalikuwa uongo."

Alimmiminia. Hakumwaga hata tone, na alijivunia hilo.

"Nimesikia kesho mnatangazwa," alisema Amos.

"Kumbe masikio unayo. Nilidhani umeyasahau Scotland, pamoja na kalamu."

"Nilikuandikia barua. Sikuzituma."

"Basi hukuandika. Barua isiyotumwa ni karatasi iliyochafuliwa. Sogea, una watu nyuma yako."

"Nyuma yangu hakuna mtu."

Hakukuwa na mtu kweli. Macho yao yakakutana, na Hester akaiona ile alama ndogo juu ya nyusi, jiwe lilipomrukia mwaka waliopendana. Aliwahi kuibusu. Akajichukia kwa kuikumbuka, akamchukia yeye kwa kuwa nayo bado.

Mkono ukatua begani kwake. Julian, ananukia marashi na ushindi.

"Raistrick, bado unapanga mawe? Wenzako siku hizi wanatumia saruji."

"Saruji hupasuka," alisema Amos. "Ukuta wa babu yangu una miaka tisini."

"Na babu yako alikufa na nini mfukoni?"

Watu wa Kelderby wakacheka. Bi Maureen hakucheka, yeye alitabasamu. Amos akaweka kikombe mezani, kimejaa vile vile.

"Asante kwa chai," akasema, akatoka kwenda kusimama kwenye mvua.

Hester akasonya kimoyomoyo. Hivyo hivyo alivyo, alijiambia. Mtu akitupiwa neno moja tu, anafungua mlango anaondoka. Bora mwizi anayebaki kuliko muungwana anayekimbia. Lakini alipomgeukia Julian na kumwona akichagua kipande kikubwa zaidi cha keki ya tangawizi, wazo lile halikumfariji.

Mvua ikakatika saa kumi na moja. Watu wa Nunsett wakashuka uwanjani na ndoo na mablanketi, wakakamua maji kwenye nyasi wakiwa wamepiga magoti. Julian aliwasimamia, mikono mifukoni.

"Pamelowa sana, jamani. Mtu atavunjika mguu. Tugawane pointi twende nyumbani."

"Kugawana kunakutosha wewe kubaki juu ya jedwali la ligi," alisema Mzee Seth Raistrick, ami yake Amos, huku akikamua blanketi karibu kabisa na viatu vyeupe vya Julian. "Sisi hakututoshi. Tunacheza."

Mchungaji Lionel, aliyekuwa akiandika matokeo, akapiga hesabu. Muda umebaki nusu, basi na kazi ni nusu: Nunsett wapate mbio sabini na tano, wameshinda.

Wakaanza vibaya, kama kawaida yao. Mmoja alitolewa huku akirekebisha miwani. Mwingine alimkimbilia mwenzake wakajikuta wote wawili upande mmoja, kila mmoja akimwomba mwenziwe arudi. Bi Maureen aliyatazama yote yale kwa huruma ya mtu anayetazama ng'ombe wakipanda ngazi. Upande wa pili alibaki Amos peke yake, anapiga moja, anapiga mbili, hana haraka, hana maringo. Hester aliosha vikombe vile vile mara mbili ili abaki dirishani.

Ikafika mahali pa kukata roho. Watu tisa wa Nunsett wameshatoka. Akitoka mmoja tu, mchezo umekwisha. Zinatakiwa mbio tatu, imebaki mipira mitatu, na mpigaji ni Amos. Mawingu yamerudi, upepo unagonga bati la banda. Julian akauchukua mpira mwenyewe, maana utukufu hakuwa mtu wa kuugawa.

Akakimbia, akarusha. Amos akanyoosha gongo.

Tik.

Ilikuwa ndogo sana. Mlinda vijiti wa Kelderby akaudaka, Julian akapiga magoti kwenye matope, akiwa ameelekeza mikono miwili kwa mwamuzi. Sasa mwamuzi alikuwa Mzee Seth, kwa kuwa Nunsett ndio wanaopiga. Mzee Seth alikuwa na miaka sabini na moja, upepo ulikuwa unampulizia sikioni, na mpigaji alikuwa mtoto wa kaka yake. Akatikisa kichwa. Hajatoka.

Amos hakumtazama. Alikuwa ameshabana gongo kwapani.

"Amos," aliita Mzee Seth. "Nimesema hujatoka. Rudi."

"Niliugusa, ami."

"Sijakuuliza. Rudi."

"Niliugusa," alisema Amos, na akaendelea kutembea. Mchezo ukaishia hapo, na Nunsett wakashindwa kwa mbio mbili.

Hakuna mtu wa kwao aliyemsemesha. Mmoja alitema mate, si karibu sana naye lakini si mbali. Amos akapita katikati yao, akazunguka nyuma ya banda.

Julian alikuja dirishani mbio, matope hadi mapajani, amefura kwa furaha.

"Umemwona yule mpumbavu? Kapewa mchezo mkononi kautupa. Miaka kumi na miwili nacheza, sijaona bwege wa namna hiyo."

"Na wewe?" aliuliza Hester.

"Mimi nini?"

"Uliugusa. Ulikuwa na mbio tisa."

"Mwamuzi alisema..."

"Sikuulizi mwamuzi alisema nini. Nakuuliza wewe."

Julian akatazama nyuma yake kwanza, kisha akacheka, akamkonyeza. Pengine kama asingekonyeza mambo yangekuwa mengine.

"Sasa mpenzi, hiyo si ndiyo tofauti ya mtu anayefika mbali na mtu anayepanga mawe? Nyumba ile unayoitaka unadhani nitainunua kwa ukweli?"

Hester alimtazama juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa alichouziwa gizani. Alikuwa akitafuta hasira, hakuipata. Alichokipata kilikuwa baridi zaidi. Alimdharau. Hata yeye alishangaa jinsi dharau ile ilivyokuwa imekaa ndani yake siku nyingi, imetulia, inasubiri kuitwa.

"Siku utakayonikosea mimi," alisema, "mwamuzi atakuwa nani? Piers?"

"Unasema nini wewe?"

Alikuwa ameshavua pete. Aliiweka kwenye sahani ya makombo, akamsogezea.

"Yote haya kwa ajili ya mpira?" aliuliza Julian. Sauti ilikuwa imempungua.

"Sio mpira. Ulipougusa uliyatazama mawingu. Sitaki kuolewa na mtu nitakayekaa naye miaka hamsini huku anatazama mawingu."

"Utajuta, Hester. Una miaka ishirini na saba. Kelderby hii nani mwingine atakuja kukutaka?"

"Hayo niachie mimi. Nenda kashangilie, wenzako wanakusubiri."

Alifuta mikono, akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mwandishi. Mchungaji Lionel alikuwa akifunika kalamu zake.

"Mchungaji, kesho usitutangaze."

Mzee yule akamtazama juu ya miwani. "Niahirishe wiki moja?"

"Ufute."

Hakuuliza sababu. Alitoa karatasi mfukoni mwa koti, ile yenye nyimbo na matangazo ya ibada ya kesho, akayakata majina yao mawili kwa mstari mmoja mnyoofu. "Mama yako anajua?" aliuliza.

"Atajua sasa hivi. Piers anakimbia kumwambia."

Amos alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya banda, begi liko miguuni, anafungua viatu. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Hester akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Inua uso. Nataka nimwone vizuri mtu mwenye kujiona mtakatifu kuliko wote katika Yorkshire nzima."

Amos akainua uso. "Na wewe umekuja kunisema kwa ajili ya mchezo? Ingia kwenye foleni. Ami yangu ndiye wa kwanza."

"Mchezo unanihusu nini? Kuugusa uliugusa, ukatoka, vizuri. Mkono wako uliusikia mpira. Mimi nimekuja kuuliza habari ya miaka miwili nyuma. Nani alikwambia uondoke?"

Amos akainama. Akavuta kamba ya kiatu, ikajifunga fundo.

"Nakuuliza, Amos."

"Mama yako alinikaribisha chai," alisema mwishowe. "Kwenye vile vikombe vya maua. Akaniuliza nalala wapi, nikamwambia kwenye chumba juu ya baa. Akaniuliza nikivunjika mgongo utakula nini. Nikakosa jibu. Akasema, 'Basi unaona mwenyewe, Amos.' Na kweli nikaona."

"Ukaona."

"Nikaona."

"Mimi nilikuwa wapi wakati unaona?"

"Kazini. Kliniki ya mifugo."

"Hatua mia mbili kutoka kwetu. Ulipita dirishani kwangu ukiwa na begi. Nilikuwa nimemshika paka wa watu, nikakupungia mkono nikidhani unakwenda kazini." Akamsogelea hatua moja. "Kwa nini hukuingia ukaniuliza?"

"Nilidhani nakuheshimu. Nilijua sistahili, nikaona nisikutie kwenye aibu ya kunifukuza."

"Kumbe ni wewe uliyejua. Mama yangu alidai, wewe ukabana begi kwapani ukaenda zako, na mimi niliyepaswa kuamua hata sikujua kama kuna mtu amedai. Nilinyanyua kidole mimi? Uliniona nikinyanyua kidole?"

"Hapana."

"Nilikupenda, mwanaharamu wewe. Ningelala juu ya baa. Ningelala juu ya zizi la nguruwe. Ukanifanya nikakaa dirishani miezi minne kama mjinga, kisha nikamkubali yule pale kwa sababu alikuwa hajui kuondoka hata akifukuzwa."

Amos alikuwa amesimama, kiatu kimoja mguuni, soksi ya pili kwenye maji. "Hester, mimi..."

"Usiniambie samahani. Samahani yako nitaitupa kwenye hiyo nyasi."

"Amos Raistrick," ilisema sauti nyuma yao. "Umerudi, kijana."

Bi Maureen alikuwa amesimama kwenye kona ya banda chini ya mwavuli, hana haraka, ametabasamu. Macho yake tu ndiyo yaliyotoa habari kwamba Piers amekwishafika.

"Hester ameudhika kidogo leo," alisema. "Mwanamke yeyote huudhika wiki za harusi. Mimi na wewe ni watu wazima, tuliwahi kuzungumza na tukaelewana vizuri. Si hivyo?"

"Tulielewana, Bi Maureen."

"Nimefurahi. Basi unaona mwenyewe hali ilivyo."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuhitaji. Maneno yale yale, sauti ile ile tamu ya vikombe vya maua. Hester alimwona Amos akiyapokea kama mtu anayepokea mzigo aliouzoea. Alimwona mabega yakishuka, mkono ukienda chini kuutafuta mkanda wa begi, wenyewe tu, kwa mazoea. Angeweza kusema neno. Neno moja lingemzuia. Akauma meno, akakataa kulisema. Kama angemzuia leo, angelazimika kumzuia kila siku ya maisha yake, na mama yake alikuwa na afya njema.

Mkono wa Amos ukaukamata mkanda.

Ukakaa pale. Mvua ikaongezeka, ikaanza kulia juu ya mwavuli wa Bi Maureen. Kisha Amos akauachia mkanda, akarudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye benchi lililoloa. Akaweka viganja vyake vyenye sugu juu ya magoti.

"Naona, Bi Maureen," alisema. "Ila safari hii namsubiri Hester aseme."

"Hester hana la kusema."

"Basi nitasubiri mpaka alipate."

Bi Maureen akasogea katikati yao, akamgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya chai, tabasamu likamtoka usoni. "Hester. Mwambie huyu kijana aende zake, twende nyumbani."

Hester hakumjibu mama yake. Alikunja mikono akamtazama Amos, maji yakimshuka puani, soksi imejaa tope, macho hayambanduki. Alimwacha asubiri. Miaka miwili si mchezo, na yeye hakuwa na haraka tena. Alimwacha mpaka akaona anatetemeka kwa baridi, akamwacha kidogo zaidi ya hapo.

Ndipo akasema, "Kaa hapo hapo." Akapita chini ya mwavuli wa mama yake akatokea upande wa pili, akaketi pembeni ya Amos kwenye maji.